Pombe Iliyolala Rughenda

Katika ukoo wa Syauswa, posa haikuanzia midomoni mwa wanaume. Wanaume walikuja na makoti yao, wakakaa kwenye viti vya kuazima, wakasalimiana kwa maneno marefu yenye kona nyingi, lakini hakuna neno lililopata uzito mpaka mwanamke mmoja apewe kibuyu, aonje, ameze, kisha aseme. Pombe ikiwa safi, mazungumzo yaliendelea. Ikiwa na udanganyifu, ilimwagwa nje ya lango na wageni walirudi kwao, wakajaribu tena mwaka uliofuata. Siku hizi koo nyingi za Butembo, mji wetu wa milimani, hupokea kreti za bia ya chupa na kuona mambo yamekwisha. Ukoo huu ulikuwa na kichwa kigumu, na asiyeusifu kwa hilo hajui kunywa.

Mwanamke huyo alikuwa Marie-Jeanne, dada mkubwa wa marehemu mzee Syauswa. Alikuwa mfupi, mwembamba, daima ndani ya sweta la kijani, na ukikutana naye sokoni ungemdhania mwanamke yeyote anayebishania bei ya maharage. Lakini mdomo wake ulijulikana mjini kote. Aliwahi kuonja pombe ya ndizi, ile tunayoiita kasiksi, ya ndizi zilizokanyagwa kwa majani na kuchachushwa kwa mtama wa kukaanga, akamuuliza aliyeipika kwa upole kama siku hizi anachota maji mahali pengine. Mama yule akabaki ameduwaa, kwa maana chemchemi yake ilikuwa imezibwa na maporomoko na hakuwa amemwambia mtu. Mara nyingine alisema ndizi zilikua karibu na mikaratusi. Wakaenda shambani kuangalia, na mikaratusi ilikuwapo, imejipanga mpakani na kivuli chake.

Aliyemtazama kwa mshangao kuliko wote alikuwa Jokébed, binti mkubwa wa marehemu. Jokébed aliishi Beni miaka mingi na mume wake, wakiendesha baa ndogo iliyouza kasiksi kuliko kitu kingine chochote, mpaka usalama wa kule ulipoharibika wakapanda Butembo na watoto wao. Hakuja na ndoto ya kuwa mwonjaji. Ila siku moja kwenye matanga, alionja pombe iliyokuwa ikizungushwa, akajua ina kasoro, akaiweka chini polepole bila kukunja uso, na shangazi yake akamwona. Marie-Jeanne hakuuliza kitu. Alimwambia tu aje Jumamosi asubuhi, na Ijumaa asile samaki wa chumvi.

Hilo la samaki lilimuuma Jokébed kuliko alivyotaka kukiri, kwa sababu aliwapenda samaki wa ziwani wa Kyavinyonge waliokaushwa kwa chumvi kuliko nyama yoyote. Lakini shangazi yake alieleza kwamba chumvi hukaa ulimini hadi kesho yake, ikamlainishia mtu kila kinachopita, na pombe kali ikamjia kama mwana-kondoo. Basi kila Ijumaa Jokébed alikula viazi vitupu, akanung'unika, na Jumamosi walitoka pamoja kuzunguka nyua za wapishi.

Masomo yenyewe hayakuwa na huruma. Marie-Jeanne alimkalisha akiangalia ukuta, akamletea vibuyu kutoka nyuma, bila kusema ni vya nani. Kujua jina la mpishi kabla ya kuonja kulikatazwa kabisa, maana mtu akisikia jina la rafiki yake ulimi unapata adabu usiyoihitaji. Kutema kulikatazwa pia. Aliyetema pombe ya mtu nyumbani kwake alikuwa amemtukana, na hakuna kisingizio cha kazi. Ilibidi kumeza, kidogo, kisha kunyamaza na kufuata ladha inakokwenda.

Shangazi alisema pombe ina mlango, ina sebule, na ina chumba cha nyuma. Utamu wa sukari ya dukani huishia mlangoni: unasalimia kwa kelele, halafu huuoni tena. Utamu wa ndizi hauna makelele, lakini unaingia mpaka chumba cha nyuma na kulala huko. Jokébed alicheka aliposikia maneno hayo mara ya kwanza. Baada ya Jumamosi nyingi aliacha kucheka, kwa sababu alianza kuuhisi utamu ukitembea kinywani mwake vile vile, na akaona jinsi alivyokuwa akinywa miaka yote bila kujua anakunywa nini.

Alikosea, na alikosea vizuri. Siku moja alipewa mandale, pombe nzito ya mahindi, akasema ni uji uliochacha. Mama aliyeipika alikuwa amesimama pale pale. Marie-Jeanne hakumkemea mbele ya watu. Walipofika barabarani ndipo aliposimama na kumwambia kwamba mandale haikuahidi kuwa kasiksi, na kila pombe lazima ihukumiwe kwa kile inachotaka kuwa, si kwa kile mwonjaji anachokipenda. Kisha akamrudisha kuomba radhi na kumaliza kibuyu kizima. Alipofika katikati ya kibuyu kile Jokébed akaanza kuelewa: uchachu ule ulikuwa na mpangilio, ulikata unene wa mahindi kwa wakati wake, na mama yule alikuwa bingwa.

Hata bia ya chupa shangazi hakuidharau, tofauti na wazee wengi wanaojifanya walizaliwa na kibuyu mkononi. Alinunua moja nyeupe na moja nyeusi, akakataa zile za kwenye friji kwa sababu barafu, alisema, inaficha makosa. Akamfundisha kungoja uchungu wa ile nyeupe mwishoni, safi, usiobaki mdomoni kama dawa. Na ndani ya ile nyeusi akamtafutisha harufu ya mkate ulioungua kidogo, mpaka Jokébed akaipata. Marie-Jeanne alisema anawaheshimu watu wa kiwandani, maana wanaweza kuifanya pombe ile ile leo na kesho, na yeye katika maisha yake yote hakuona mama wa Butembo aliyeweza. Jokébed alimpenda shangazi yake kwa mengi, lakini kwa kauli ile alimpenda zaidi, kwa sababu ni watu wachache wanaojua kitu kwa undani na bado wana nafasi ya kuwasifu wengine.

Sasa, Jokébed alikuwa na mdogo wake, Victoire, mwalimu wa shule ya msingi, kitinda mimba wa nyumba ile. Victoire alipelekwa Beni kwenye mafunzo ya walimu, na huko akakutana na Benoît Tshibangu, mtu wa Kasai, mfanyakazi wa serikali katika ofisi za wilaya huko Oicha. Tshibangu alikuwa mrefu, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe. Walipendana bila fujo. Mwaka haujaisha, akatuma watu kuuliza kama anaweza kuja.

Aliyeshika nafasi ya baba alikuwa Zacharie, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyewahi kufika hadi China na kurudi akilalamika tu kwamba hakuna foufou, ugali wetu wa muhogo. Zacharie hakumchukia mtu wa Kasai. Alichoogopa ni umbali. Alijua mfanyakazi wa serikali ni mtu wa kuhamishwa, na akimpa Victoire leo, kesho atamtafuta kwenye ramani. Kwa hiyo akatoa sharti la ukoo bila kulipunguza hata nukta: kasiksi, na itoke nyumbani kwa muoaji mwenyewe, si ya kununua sokoni. Kila mtu alijua nyumba ya Tshibangu pale Oicha ilikuwa kitanda, redio na ndoo. Kila mtu alidhani pia kwamba Zacharie alijua.

Halafu uhamisho ukaja kweli. Tshibangu alitakiwa Kindu, mbali kabisa na kwetu, kabla ya mwezi kwisha. Ikiwa pombe yake ingekubaliwa, Victoire angekwenda naye akiwa mke. Ikiwa ingemwagwa langoni, ilibidi kungoja mwaka, na mwaka huo yeye angekuwa Kindu, barabara zikiwa hivi zilivyo, na mambo ya namna hiyo yanajulikana yanavyoisha. Victoire hakulia alipomweleza dada yake. Alisema tu kwamba hatatoroka, hatamwaibisha baba mdogo, na kwamba anaomba pombe iwe nzuri.

Kilichofanya mambo kuwa magumu zaidi ni kwamba juma lile lile Marie-Jeanne alimkabidhi Jokébed kibuyu cha ukoo. Alisema magoti yake yamechoka kusimama mbele ya wageni na kwamba mtu hangoji kaburi ndipo aache kazi. Yeye angeonja wa pili, kama shahidi. Jokébed alitaka kukataa kwa sababu ni posa ya mdogo wake, lakini shangazi yake akamtazama kwa mshangao, kana kwamba anauliza ni nani mwingine anayepaswa kumwambia mdogo wake ukweli.

Wageni walifika asubuhi ya Jumamosi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mabati. Walitoka Oicha siku iliyotangulia, wakapita Beni, wakapanda hadi Butembo jioni, na kulala kwa ndugu wa mmoja wao kule Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo upepo haujui kupumzika. Bidoni za pombe, yale madumu ya plastiki, zililala barazani huko. Msemaji wao alikuwa Delphin, Mnande kama wenyeji, wa ofisi moja na Tshibangu, mtu anayeweza kuhutubia hata kuku. Tshibangu mwenyewe alikaa katikati yao, amevaa koti, mikono ndani ya mifuko, kimya. Ukimya huo ulikuwa wa desturi: muoaji hafungui mdomo mpaka kibuyu kimpitie, na akizungumza kabla, amejiondoa mwenyewe.

Delphin alipomaliza kuzunguka milima yote ya maneno, bidoni ikafunguliwa na kibuyu kikajazwa. Jokébed alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, akatafuna kipande cha muhogo wa jana, akapokea kwa mikono miwili. Pombe ilikuwa baridi kiasi kwamba meno yalimshtuka. Akanywa.

Ilikuwa tamu. Tamu mno, tamu ya kumfurahisha mtoto. Kasiksi iliyokwisha kuiva haibaki na utamu wa namna ile. Kwa Butembo jambo hilo lilikuwa na maelezo ya aina moja tu: mtu alichukua ndizi chache, akajaza maji, akaficha maji kwa sukari ya dukani. Alimeza, akanywa tena kidogo, akaiacha kinywani, na akampa shangazi yake kibuyu.

Marie-Jeanne alionja, akafumba macho, akafumbua. Hakuonyesha hasira wala furaha.

“Sukari,” akasema.

Ua mzima ulisikia. Delphin akainuka nusu, akaketi tena. Kule jikoni sufuria ilianguka, na Jokébed hakuhitaji kugeuka kujua ni mikono ya nani iliyoiachia. Zacharie akasimama, akarekebisha koti lake, na uso wake, lazima tuseme haki, haukuwa wa mtu anayeshangilia. Alianza kuwashukuru wageni kwa safari yao, maneno yale yale yanayotangulia kumwagwa.

Lakini Jokébed alikuwa bado na pombe mdomoni. Hakuwa ameimeza ile ya pili. Ilikuwa imekaa chini ya ulimi ikipata joto lake, na kadiri ilivyopata joto ikaanza kubadilika. Ule utamu haukuishia mlangoni. Ulipita, ukaingia ndani, ukakaa. Na pembeni mwa ulimi, kitu kidogo kikamchoma, kisha tena, taratibu, kitu kilicho hai. Akameza na akajikuta Beni, kwenye baa yake mwenyewe, alasiri, akifungua chungu kabla ya wakati ili kuangalia pombe ya kesho imefika wapi. Kule chini joto huipeleka mbio. Akakumbuka barabara inayopanda, na upepo wa Rughenda usiku kucha.

Alimtazama shangazi yake. Maisha yake yote Marie-Jeanne alionja pombe zilizozaliwa kwenye baridi, zilizojifunza kutembea polepole kwenye baridi. Hakuwahi kukaa Beni hata juma moja. Aliyekataa bia ya friji kwa sababu barafu inaficha makosa, leo milima yake mwenyewe ilimfichia. Jokébed aliona hayo yote kwa mara moja, na hofu ikamshika, kwa sababu kumkanusha Marie-Jeanne mbele ya ukoo, siku ya kwanza ya kushika kibuyu, kwa faida ya mdogo wake mwenyewe, kulikuwa ni kuomba watu waseme kwamba amenunuliwa.

“Hapana, Shangazi,” akasema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. “Hii haiko sukari. Hii pombe imelala.”

Zacharie akauliza ni maneno gani hayo, pombe kulala. Jokébed akaeleza kwamba ilitoka kwenye joto la Oicha kabla ya kumaliza kazi yake, ikakutana na baridi usiku, ikasimama njiani. Utamu walioonja ulikuwa wa ndizi ambayo haijageuka. Akaomba bidoni iwekwe karibu na moto hadi alasiri. Zacharie hakuwa mjinga. Mtu hafiki China na kurudi na faida akiwa mjinga. Akasema hata sukari ikiwekwa karibu na moto itachacha na utamu utapotea, sasa watajuaje tofauti?

“Baba mudogo, kama ni sukari, moto utaikula, na chini yake tutakuta maji,” Jokébed akasema. “Kama ni ndizi, tutakuta ndizi. Na tukikuta maji, munipokonye hiki kibuyu, musinipatie tena hata siku moja.”

Watu walinung'unika. Zacharie alimgeukia dada yake mkubwa amtoe kwenye taabu ile, lakini Marie-Jeanne alikuwa akitazama chini. Alisema tu wageni walishwe kwanza, kwani mvua inakuja.

Bidoni ikapelekwa jikoni, ikafungwa blanketi, kifuniko kikalegezwa, na Jokébed akaketi pembeni yake akiigeuza ubavu kwa ubavu mbele ya moto wa kuni. Mvua ikaanza kupiga mabati. Huko barazani walikula maharage na foufou bila mazungumzo, isipokuwa Delphin, ambaye alisikika akisifu maharage mpaka yakakosa la kusifiwa. Victoire alileta kuni, akaondoka, akaleta nyingine ambazo hazikuhitajika. Kila alipoigusa bidoni na kuikuta bado baridi tumboni alijilaumu. Labda ulimi wake ulikuwa umepata ile adabu isiyotakiwa. Labda aliitaka tu iwe ndizi.

Marie-Jeanne aliingia, akavuta kigoda, akaketi ng'ambo ya moto. Sweta lake likaanza kutoa mvuke. Kisha akamuuliza Jokébed, kwa sauti ile ile aliyotumia akibishania maharage, kule Beni pombe inachukua muda gani, wanaifunika na kitu gani, wanaijuaje imefika. Akauliza kama mwanafunzi anavyouliza. Jokébed akamweleza yote, kwanza kwa woga, kisha kwa furaha, na alipokuwa akisimulia, bidoni kati yao ikatoa sauti ndogo kwenye kifuniko. Ikanyamaza. Ikatoa tena.

Marie-Jeanne akainama, akaweka sikio lake juu ya plastiki, akasikiliza muda mrefu.

“Onja wewe kwanza,” akasema.

Jokébed akaonja. Kisha akampa. Kisha wakatazamana, na Marie-Jeanne akainuka kwa magoti yake mabovu na kutoka kwenda mbele ya watu, akikataa mkono wa kumshika. Wageni na wenyeji walikuwa wamebanana barazani kukwepa mvua. Mama yule, ambaye mji mzima ulimwogopa kwa ulimi wake, akasimama katikati yao.

“Mi nimeonja pombe ya huku kwetu maisha yangu yote,” akasema. “Ya Beni sikuijua. Asubuhi nilisema sukari, nilikosea. Ni ndizi tupu. Musikilize huyu mutoto.”

Jokébed alikuwa amemhusudu shangazi yake kila alipokuwa sahihi, na alikuwa sahihi karibu kila siku. Sasa akajua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akihusudu sehemu ndogo tu ya mwanamke yule. Machozi yalimjaa, na hakuyaficha.

Bidoni ikaletwa barazani, na Zacharie akapokea kibuyu, akanywa, akatikisa kichwa polepole kukubali. Utamu ulikuwa umeondoka na ndizi ilikuwa imesimama mahali pake, pana na nzito. Delphin akashusha pumzi ya ofisi nzima. Kila mtu alidhani mambo yameisha, na kweli yangeweza kuisha hapo. Lakini kazi ya kibuyu ilikuwa kusema yote, na Zacharie, ambaye alikuwa mtu wa taratibu, akamtaka Jokébed amalize: pombe si ya uongo, sawa, je, ni nzuri?

Jokébed alimwona Victoire mlangoni pa jikoni. Angeweza kusema ni nzuri. Ushindi ulikuwa tayari mkononi mwake, na uongo mdogo kama ule usingemgharimu mtu. Ila Marie-Jeanne alikuwa amesimama bado, amelowa, baada ya kusema ukweli uliomgharimu zaidi.

“Si nzuri sana,” akasema. “Mutama uliunguzwa, unasikia makaa mwishoni. Ndizi zingine hazikuiva. Na majani ya kukanyagia hayakuoshwa vizuri.”

Delphin akaanza kupinga. Zacharie akamnyamazisha kwa mkono na kuuliza lile swali la mwisho la desturi, mkono ulioipika ni mkono wa namna gani.

“Mukono ambao haujapika pombe hata mara moja,” Jokébed akajibu. “Mutu ambaye alielezwa tu kwa mudomo. Lakini huyu mutu hakuiba kitu. Aliweka ndizi zote, hakuongeza maji ya kujaza, na alizikanyaga mpaka zikaisha. Wapishi wa zamani hawakanyagi hivyo, wanachoka mbele ya kumaliza.”

Zacharie akageukia upande wa wageni. Aliuliza ni mama gani huyo, ni wa nyumba ipi, maana sharti lilikuwa pombe itoke nyumbani kwa muoaji, na kwa muoaji hakuna mama. Delphin akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile haukutoka hata upepo. Yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa amedhani imenunuliwa, na alikuwa amejiandaa kudanganya.

Ndipo Tshibangu, ambaye hakuruhusiwa neno, akaitoa mikono yake mifukoni. Akaiinua mbele yake, viganja juu, akawaonyesha. Utomvu wa ndizi ulikuwa umeiingia kila mfereji wa viganja, umejaa chini ya kucha, mweusi, ule weusi ambao hakuna sabuni inayouweza na ambao kila mtu pale barazani aliujua tangu utotoni kwenye mikono ya baba yake. Vidole vilikuwa na makovu mapya ya kisu. Akavikunjua vyote.

Mvua iliendelea kunyesha. Akina mama wa ukoo waliokuwa nyuma walisogea mbele ili waone vizuri. Zacharie aliitazama ile mikono ya mtu wa ofisi kwa muda, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, mikono ya mfanyabiashara wa vitambaa, iliyokuwa safi. Akakinyanyua kibuyu na kunywa kilichobaki chote, hadi machicha ya chini. Uso wake ulikunjamana kwa ladha ya makaa, na hakujali nani anamwona.

“Mutama,” akasema alipopata pumzi, “hapana kuukaanga mpaka ukuwe makaa, mukwe wangu.”

Akakijaza kibuyu tena yeye mwenyewe na kumpa Tshibangu. Tshibangu akanywa. Sasa alikuwa huru kuzungumza, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani toka Oicha yalikuwa yamemtoroka, isipokuwa mawili.

“Ndiyo, baba,” akasema.

Kule jikoni, Victoire alikuwa amekaa chini sakafuni kando ya moto, amejifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.